Uzi: Mtazamaji hakuwepo porini. Tukosoane vipi kuhusu picha za wanyamapori?

Mwanzisha uzi

Salamu kwenu nyote mnaopiga picha za wanyama, ndege, wadudu na mandhari. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma maoni tunayoandikiana kuhusu picha zetu, na kwa masikitiko naona kuwa sehemu kubwa haimsaidii aliyeyaomba. Huyu anaandika "picha kali sana, hongera", yule anaandika "haijatoka vizuri, rudia", na mpiga picha anabaki palepale alipokuwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia afanye nini, au aache kufanya nini, atakapotoka tena alfajiri na kamera yake.

Kwa maoni yangu shida inaanzia hapa: aliyepiga picha na anayeitazama hawaoni kitu kimoja. Aliyepiga anaona saa tatu alizolala kifudifudi kwenye tope, mbu waliomla masikio, na moyo uliomwenda mbio pale kipanga alipotua. Mtazamaji hana habari na hayo. Mbele yake kuna mstatili wenye rangi, na jicho lake hukimbilia kwanza penye mwanga mkali, penye ukali (panapoonekana wazi bila ukungu) na penye uso, liwe limealikwa huko au halikualikwa. Kwa hiyo maoni yenye faida ni yale yanayomweleza mpiga picha kile ambacho mstatili ule umemfanyia mtu ambaye hakuwepo, na kwa jambo hilo moja mtazamaji anajua zaidi ya mwenye picha.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilimpiga kipanga aliyeshika panya kwenye makucha, nikaipenda picha ile mno, nikampelekea mzee mmoja aliyenitangulia miaka mingi katika shughuli hii. Hakusifu wala hakuponda. Alifunika kwa kidole gumba kipande kidogo cha anga jeupe kilichochungulia kati ya majani kwenye kona ya juu, akaondoa kidole, kisha akafunika tena. Kila alipokiondoa, macho yangu yalikimbilia konani, na kipanga wangu akawa kama mtu aliyesimama nyuma ya taa. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilizipitia picha zangu za nyuma, nikazikuta kona nyeupe za namna hiyo katika nyingi mno.

Sasa tuje kwenye maneno "picha haina ukali", ambayo huandikwa mara nyingi na husaidia mara chache, kwa kuwa ukungu katika picha una vyanzo kadhaa na kila chanzo kina dawa yake. Anayetaka kusaidia hana budi kuichunguza picha kabla ya kuandika. Ikiwa jicho la ndege limetia ukungu lakini nyasi zilizo mbele yake au tawi lililo nyuma yake lina ukali, fokasi, yaani mahali lenzi inapolenga ukali, ilishika pasipo pake. Ikiwa kila kitu, kuanzia mnyama hadi jiwe, kimevutika kuelekea upande mmoja, kamera ndiyo iliyotikisika. Ikiwa jiwe limetulia na mabawa pekee ndiyo yaliyofutika, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie) haikutosha kwa mwendo wa ndege, ingawa huenda mpiga picha alitaka hivyo, na ni vizuri aulizwe kwanza. Na ikiwa mnyama yuko mbali, jua ni la mchana, na mistari iliyopaswa kunyooka imejipinda kama inayotazamwa ndani ya maji, basi hiyo ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Hakuna lenzi itakayotibu jambo hilo, iwe ya bei gani. Dawa ni kurudi asubuhi kabla ardhi haijapata joto, au kumsubiri mnyama aje karibu mwenyewe. Aliyeambiwa "nunua lenzi bora" kwa picha ya aina hiyo amepewa ushauri wa gharama kubwa ambao hautamfaa kitu.

Hesabu kidogo nayo haidhuru. Kwa kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa tundu lake hadi f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kuelekezwa kwa mnyama aliye umbali wa mita 10 hutoa eneo lenye ukali la takriban sentimita 15 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Fokasi ikishika ncha ya pua ya mnyama mwenye uso mrefu, macho yake yamekwisha kupotea. Ukiliziba tundu la lenzi hadi f/8, eneo hilo linakuwa takriban maradufu, lakini unapoteza hatua mbili za mwanga (kila hatua ni nusu ya mwanga uliokuwepo), nazo sharti zilipwe kwa kupunguza kasi ya shata au kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Linganisha basi "macho hayaonekani vizuri" na "ukali umeangukia puani, kwa umbali huo jaribu f/8, na upandishe ISO kutoka 800 hadi 3200 ili kasi ibaki ileile". La pili limechukua mstari mmoja tu wa ziada.

Vivyo hivyo kwa mwanga. Ndege mweupe kama yangeyange akisimama mbele ya kivuli kizito, kamera huliona giza lililotawala fremu na kuongeza mwanga, na manyoya yake huungua yakawa karatasi tupu. Hapo mtoa maoni anaweza kusema "manyoya yameungua", na atakuwa amesema kweli. Lakini akiongeza kwamba mwanga ungepunguzwa kwa hatua moja hivi, kisha histogramu (grafu ya mwanga wa picha, ambayo kulia kwake ni sehemu nyeupe) ikaangaliwa upande wa kulia kabla ndege hajaruka, amempa mwenzake kitu cha kuondoka nacho.

Jambo la mwisho kwa leo. Napenda maoni yatofautishe kati ya kasoro zinazorekebishika mezani kwenye kompyuta, zile zilizohitaji kurekebishwa palepale porini, na zile ambazo ni bahati tu. Kumwambia mtu akate kingo ni rahisi, ila tukumbuke bei yake: picha ya megapikseli 24, yenye pikseli 6000 kwa 4000, ikikatwa nusu kila upande inabaki megapikseli 6. Zinatosha kwa skrini, na zinatosha kwa chapa ya upana wa sentimita 25 hivi kwa nukta 300 kwa inchi, lakini si kwa picha ya kutundika ukutani sebuleni. Na kumwambia mtu "laiti swala angegeuza kichwa" ni kumlaumu kwa jambo ambalo swala hakumwomba ushauri.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kwa mengi, lakini naona umeipa sifa adhabu isiyostahili. Mtu anayeanza hahitaji hesabu za f/8 siku ya kwanza. Nina rafiki aliyepiga picha ya kereng'ende kwa simu, akaipeleka kwa watu waliobobea, akajibiwa kwa orodha ya makosa kumi na moja. Yote yalikuwa ya kweli, nadhani. Simu ile hakuielekeza tena kwa mdudu yeyote. Nauliza: ukweli ule ulimfaa nani?

Mwanzisha uzi

Swali lako limenikaa, na sina jibu la kulimaliza. Makosa kumi na moja kwa picha moja ni mengi hata kwa aliyebobea, kwa sababu mtu anapotoka na kamera anaweza kukumbuka jambo moja au mawili, mengine yatasubiri. Ningalikuwa mimi, ningalichagua lile moja ambalo likirekebishwa picha inayofuata itabadilika zaidi, na kwa kereng'ende aghalabu jambo hilo ni mkao wa kamera. Mdudu yule ana mwili mrefu na mabawa bapa, na kamera isipowekwa sambamba na mwili wake, kichwa kinakuwa na ukali huku mkia ukipotelea kwenye ukungu, au kinyume chake.

Kuhusu sifa, sikusema ziachwe. Nilichokusudia ni kwamba sifa nazo zitaje kitu. "Umesubiri hadi mabawa yakapata mwanga kutoka nyuma, na mishipa yake yote inaonekana" ni sifa inayofundisha, kwa maana mpiga picha anajua sasa ni kitu gani arudie. Wengi wetu hufanya jambo zuri kwa bahati, na tusipoambiwa kuwa lilikuwa zuri tunaliacha bila kujua.

Mchangiaji wa pili

Naomba niwatetee watoa maoni kidogo, maana lawama zote zimewaangukia wao. Mtu anaweka picha bila neno hata moja, hasemi alitumia lenzi gani, kasi gani ya shata, alikuwa umbali gani wala amekata kingo kiasi gani, halafu anategemea apewe uchambuzi. Nimeshaandika aya nzima kuhusu kelele za ISO katika picha ya bundi, kumbe mwenyewe aliongeza chembechembe zile kwa makusudi katika programu ya kuhariri, akitaka picha ifanane na za filamu. Angaliniambia mapema, ningaliutumia muda ule kulala.

Anayeomba maoni aulize swali. "Mnaionaje?" halitoshi, kwa sababu kila mtu atajibu swali lililo kichwani mwake mwenyewe. "Je, tawi hili la mbele linakusumbua?" au "Nilitaka paonekane baridi na upweke. Je, panaonekana hivyo?" ni maswali yanayojibika.

Kisha kuna suala la kupokea. Wapo wanaojibu kila maoni kama washtakiwa mahakamani: jua lilikuwa limezama, gari lilikuwa linatikisika, mnyama alikimbia. Yote yanaweza kuwa kweli na bado picha ikawa na kasoro ileile, kwani kasoro haijui mazingira iliyozaliwa. Mimi nimejiwekea utaratibu: nikipata maoni nashukuru, sijibu lolote kwa siku moja, halafu naifungua picha nikiwa nimeipindua juu chini ili nisimwone mnyama bali nione maumbo na mwanga. Mara nyingi aliyenikosoa alikuwa na haki. Wakati mwingine hakuwa nayo, na hapo naendelea na picha yangu bila ugomvi. Watu watatu wasiojuana wakigusa sehemu ileile, hata kama kila mmoja ametoa dawa tofauti, mimi huamini kuwa pale pana tatizo, ingawa dawa nitaitafuta mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mmesahau jambo ambalo kwangu ndilo linaloutenga upigaji picha wa wanyamapori na aina nyingine zote, nalo ni kwamba ushauri wetu unaweza kumuumiza asiyekuwamo katika mazungumzo. Tukimwambia mpiga picha wa vyombo vya mezani asogee karibu, hakuna sahani itakayotoroka. Tukimwambia hivyo mpiga picha wa ndege aliye kwenye kiota, tunaweza kusababisha mzazi akimbie, mayai yapoe au makinda yapigwe na jua. Nimesoma kwa macho yangu mtu akishauriwa "ungepogoa yale majani yanayoziba kiota". Majani yale ndiyo paa la makinda, na ndiyo yanayowaficha wasionekane na kunguru na nyoka. Picha ingekuwa safi, nakubali.

Kwa hiyo, kabla ya kusema "karibia", tuangalie mnyama mwenyewe anasema nini ndani ya picha. Masikio yote mawili yameelekezwa kwenye lenzi, shingo imenyooka, mguu mmoja umeinuliwa, au ndege amebana manyoya na kuinama kama anayetaka kuruka: hayo ni maelezo kwamba mpiga picha alikuwa karibu mno tayari. Maoni ya haki kwa picha ya namna hiyo ni kumwambia arudi nyuma, hata kama nasi wengine tungependa kuona kope zake.

Ukweli wa picha nao ni sehemu ya ukosoaji. Mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori, Wildlife Photographer of the Year, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1965, yamewahi kufuta ushindi zaidi ya mara moja. Picha ya mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) akiruka juu ya lango la mbao, iliyoshinda mwaka 2009, iliondolewa mwaka 2010 baada ya majaji kuona kuwa yumkini mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufundishwa. Mwaka 2018 iliondolewa picha iliyoshinda mwaka uliotangulia, ya mla-mchwa akikaribia kichuguu chenye mwanga wa mabuu ya wadudu usiku, baada ya wataalamu kumlinganisha na mnyama aliyekaushwa na kuwekwa kwenye maonyesho, wakaona alama za mwili na mkao vinafanana mno. Wapiga picha wote wawili walikana. Siwataji ili kuwasema. Nachotaka kuonyesha ni kwamba macho ya watu wa nje, hasa wanaomjua mnyama kuliko wanavyoijua kamera, yanaona kisichoonekana na majaji waliobobea katika sanaa. Tuwakaribishe watu hao katika maoni yetu. Nasi tunaopiga, tuandike wazi kama mnyama alikuwa kwenye uzio, kama alivutwa kwa chakula, au kama tumefuta kijiti kwenye programu.

Mchangiaji wa nne

Samahani, mimi ni mgeni katika mambo haya, ila nimepata ujasiri baada ya kuwasoma. Nimeweka picha yangu ya mdiria. Lenzi ilikuwa ya milimita 600, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, tundu f/6.3, ISO 400, kamera mkononi, sijakata kingo. Swali langu ni moja, nalo linanitesa: kwa nini anaonekana kama ndege wa kuchongwa?

Mwanzisha uzi

Asante kwa swali zuri na kwa takwimu kamili. Nimeikuza picha yako na nimeitazama mara kadhaa kwa nyakati tofauti. Kwanza, umekaa chini, usawa wa macho yake, na maji ya nyuma yamekuwa rangi moja tulivu. Usiache kufanya hivyo. Linalomfanya aonekane wa mti ni jicho. Jua lilikuwa nyuma yake kidogo na kichwa amekigeuza upande wa pili, hata kama ni kwa nyuzi chache tu, kwa hiyo jicho halina mng'ao wowote na limekuwa tundu jeusi. Bluu ya mdiria nayo haitokani na rangi iliyopakwa kwenye unyoya, bali na muundo wa ndani wa unyoya unaotawanya mwanga, na mwanga ukitoka nyuma bluu hiyo hunyauka. Ukirudi, jaribu kulipa jua mgongo wako.

La pili ni dogo. Kwa lenzi ya milimita 600 mkononi, desturi ya wengi ni kutoshuka chini ya 1/600, isipokuwa una kifaa cha kutuliza mtikisiko na mkono mtulivu. ISO 1600 ingekupa hatua mbili na kukufikisha 1/1000. Kelele kidogo za ISO tutazivumilia.

Hilo tete linalopita nyuma ya kichwa chake ningeliepuka kwa kusogea nusu hatua kushoto, lakini hapa nazungumzia ladha yangu.

Mchangiaji wa pili

Nami ladha yangu inasema tete libaki. Pasipo tete hajulikani anaishi wapi, na tumekwisha kuona wadiria wengi walioelea kwenye rangi tupu kama stempu. Kuhusu jicho nakubaliana na mwanzisha uzi moja kwa moja.

Mchangiaji wa tatu

Swali kwa mwenye picha: ulikuwa umbali gani, na alikaa hapo muda gani? Naona mdomoni ana samaki aliyeelekezwa kichwa mbele. Mdiria anayetaka kumla samaki mwenyewe humgeuza ili kichwa kielekee kooni. Akimshika kichwa kikitazama nje kama huyu, mara nyingi anampelekea mwenzi wake au makinda. Huenda kiota kiko karibu nawe na unamzuia njia.

Mchangiaji wa nne

Nimeshtuka, maana alikaa na samaki yule karibu robo saa na mimi nilifurahi kwa kudhani amenizoea. Nilikuwa umbali wa mita nane hivi. Kesho sitakwenda.

*(Baada ya siku tisa)*

Mchangiaji wa nne

Nimerudi. Nilihamia ng'ambo ya pili ya maji, mbali mara tatu ya pale pa mwanzo, jua likiwa mgongoni. Ndani ya saa moja alipita na samaki mara nne na hakusimama hata mara moja kunitazama. Upande ule niliokuwa nimekaa kumbe ndipo lilipo shimo lake. Picha nimeipata alipokuwa akirudi bila mzigo. Ndege ni mdogo ndani ya fremu, jicho lina nukta ya mwanga, tete lipo lakini limepita mbali na kichwa. Kasi 1/1000, ISO 1600, tundu lilelile.

Swali langu safari hii: upande wa kulia kuna maji matupu karibu theluthi mbili ya picha. Nikate?

Mwanzisha uzi

Anatazama upande gani?

Mchangiaji wa nne

Kulia.

Mwanzisha uzi

Uache upande huo. Ndiko anakotazama.